Edison na batri: mutu mwenye alitafuta kobalti, kisha akaiacha



Siku hizi neno batri iko mu kinywa cha kila mutu. Tunasikia kama kobalti yetu inaenda mu magari ya umeme. Lakini kuna kazi ingine ya batri, na inakua mbio sana: batri kubwa, zenye ukubwa wa kontena, zinapangwa mistari mistari pembeni ya laini za umeme. Zinakula umeme muchana wakati jua iko kali, zinaurudisha magaribi wakati kila nyumba inawasha taa na jiko. Mu California peke yake, mwaka 2024, batri za namna hii zilipita megawati 10 000. Sisi wenye tunaishi na delestaji, wenye tunapikia makala chini ya waya kubwa za umeme, hatuwezi kusikia habari hiyo kama habari ya watu wengine.

Leo tunapenda kuwaelezea maisha ya Thomas Edison. Wengi wanamujua kwa ajili ya ampuli. Sisi tunamuchagua kwa sababu ingine. Alijenga mutambo wa umeme wa muji, akazarau batri, kisha akaitumikia miaka kumi. Alikuwa pia bwana wa mine, na mine yake ilikufa juu ya bei. Alitafuta kobalti kwa nguvu zake zote, halafu akaiacha. Mu maisha yake muna fundisho kwa kila mutu mwenye anakula kwa jasho la mawe.

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 mu muji mudogo wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa mutoto wa saba na wa mwisho. Wazazi walihamia Port Huron, mu Michigan, naye alisoma ku masomo miezi michache tu. Mama yake Nancy, mwenye zamani alikuwa mwalimu, njo alimufundisha nyumbani. Tangu utoto masikio yake yalianza kuziba, na mu uzee alikuwa karibu kiziwi kabisa.

Alipofika miaka 12 hivi alianza kuuza magazeti na bonboni mu treni. Mwaka 1862 aliokoa mutoto mudogo wa mukubwa wa gare, mwenye alikuwa anachezea ku reli wakati behewa inakuja. Yule baba, kwa kumushukuru, alimufundisha kazi ya telegrafu. Ni pale kijana Edison alikutana na batri, juu telegrafu ya wakati ule ilitembea na umeme wa batri: vyupa, vipande vya metali, na asidi. Hakukuwa waya wa umeme unaoingia mu nyumba ya mutu hata mumoja. Karibu umeme wote wenye watu walitumia ulitoka mu vyupa vile.

Batri ilimulipa vibaya mapema. Mwaka 1867, mu muji wa Louisville, alikuwa anafanya majaribio usiku ku kazi na batri ya risasi, ile metali nzito. Asidi ilimwangika, ikapita mu mbao za chini, ikaangukia meza ya mukubwa wake mu chumba cha chini. Kesho yake alifukuzwa kazi.

Hakurudi nyuma. Mwaka 1876 alifungua nyumba ya utafiti kule Menlo Park, mu New Jersey. Hapa tunapenda kusema wazi kitu moja chenye vitabu vya masomo vinasahau. Menlo Park haikuwa mutu mumoja na akili yake. Ilikuwa kikosi: mafundi wa chuma, wapuliza kioo, wanahesabu, wachoraji, vijana wa kufagia. Walifanya kazi usiku mpaka asubuhi, wakalala juu ya meza. Mwaka 1877 walitoa fonografu, mwaka 1879 ampuli yenye uzi wa makala. Mwisho wa maisha yake Edison alikuwa na hati za uvumbuzi 1 093 mu Marekani, na jina la mukubwa njo liliandikwa juu.

Ampuli bila umeme ni chupa tu. Kwa hiyo, tarehe 4 Septemba 1882, Edison aliwasha mutambo wa Pearl Street, mu New York. Makala ya mawe iliwaka chini ya maji, mvuke ulizungusha mashini, na umeme ulipita mu waya za shaba chini ya barabara. Siku ile ya kwanza taa karibu 400 ziliwaka. Wandugu, angalieni vitu viwili mu habari hii: makala ilichimbwa na watu, na shaba ilichimbwa na watu. Tangu siku ya kwanza umeme wa muji ulitoka mu mikono ya wachimbaji.

Sasa tuelewe shida ya umeme wa muji. Maji unaweza kuweka mu pipa, unga unaweza kuweka mu gunia. Umeme wa waya unatengenezwa na kuliwa saa ile ile. Kama watu wanawasha taa nyingi kuliko nguvu ya mashini, taa zinafifia ao zinazimika zote. Kama watu wanalala, mashini inazunguka bure. Kwa hiyo mwenye mutambo analazimishwa kununua mashini kubwa kwa ajili ya masaa machache ya magaribi, na masaa mengine ile mashini inakaa. Pipa la umeme ni batri.

Tangu 1881 Wafaransa walikuwa wanauza batri ya risasi yenye ilitengenezwa vizuri kuliko zile za zamani, na watu wengi walitaka Edison aiweke mu mitambo yake. Alikataa kwa hasira. Aliona kama ni nzito, inaharibika mbio, na wauzaji wa hisa wanaitumia kama mutego wa kunyanganya watu franga. Lakini mu miaka ya 1890 makampuni ya umeme ya Boston na New York, zenye zilibeba jina la Edison mwenyewe, zilijaza vyumba vizima na batri za risasi. Usiku walizima mashini, batri zikabeba muji. Magaribi batri ziliongeza nguvu. Mashini ikiharibika, batri zilichunga taa mpaka fundi amalize. Kwa hiyo wazo la batri ku laini ya umeme lilianza zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Tuseme pia habari ya wafanyakazi, juu sisi ni watu wa sendika. Mwaka 1886, mu kiwanda cha mashini za Edison kule New York, wafanyakazi waliacha kazi, wakadai mushahara na haki ya sendika yao. Edison na wenzake hawakukubali sendika. Mwaka ule ule walinunua majengo kule Schenectady, mbali na New York, wakahamisha kiwanda. Mutu anaweza kuwa na akili nyingi juu ya waya na bado asipende kusikia sauti ya mwenye anashika ile waya. Sisi tunamuheshimu kwa kazi yake, lakini hatutaficha ile.

Nyuma ya ile, Edison alishindwa mu vita vya umeme. Umeme wake ulikuwa wa moja kwa moja, unaotembea upande mumoja, na wakati ule haukuweza kwenda mbali. Wapinzani wake, Westinghouse na wenzake, walitumia umeme wa kupishana, wenye unapandishwa na transfoma na kusafiri mbali. Ule njo ulishinda. Mwaka 1892 kampuni yake iliunganishwa na ingine ikawa General Electric, na jina la Edison likaondolewa. Na batri ilipoteza nafasi pamoja naye, juu batri inachunga paka umeme wa upande mumoja. Umeme wa kupishana hauingii mu batri bila mashini ya kuubadilisha, na wakati ule mashini ile ilikuwa kubwa na ya bei kali.

Lakini historia inajua kuzunguka. Mwaka 1982, miaka 100 kamili nyuma ya Pearl Street, laini ya Inga–Kolwezi ilianza kazi, kilometa karibu 1 700, na ule umeme unakuja huku Katanga kama umeme wa upande mumoja, sawa ule wa Edison. Kule Kolwezi unabadilishwa kuwa wa kupishana mbele ya kuingia mu mine. Mashini za kubadilisha umeme zimekuwa nzuri na rahisi, na ni zile zimefungulia batri mulango wa kurudi ku laini.

Edison alifanya nini kisha kushindwa? Alienda mu mine. Kule Ogdensburg, mu New Jersey, alinunua mulima wenye chuma kidogo mu mawe yake. Alijenga mashini kubwa za kuvunja mawe, akasaga mpaka unga, akapitisha ule unga mbele ya sumaku ili chuma ijitenge. Alitia mule zaidi ya dola milioni mbili, akauza hata hisa zake za General Electric. Alikaa pale miaka mingi pamoja na wafanyakazi, mu vumbi. Kisha kule Minnesota, ku milima ya Mesabi, watu walipata chuma tajiri, laini, karibu na uso wa dunia. Bei ya chuma ilianguka. Mashini za Edison zilikuwa nzuri, wafanyakazi wake hawakuwa wavivu, lakini bei haikuuliza ile. Karibu na mwaka 1900 mine ilifungwa.

Wazee wetu wenye waliona mishahara inasimama wakati bei ya shaba ilianguka wanajua habari hii bila kuisoma. Mine inaweza kufa bila shimo kuisha. Inatosha mutu mwingine, mbali sana, apate jiwe ya bei ndogo.

Pale Edison, akiwa na miaka zaidi ya 50, alirudi ku kitu chenye alikizarau. Aliona magari ya umeme yanatembea mu New York na batri za risasi, nzito, zenye asidi inakula kila kitu. Alitaka batri isiyo na risasi wala asidi. Mu batri yoyote kuna vitu vitatu: kipande cha upande huu, kipande cha upande ule, na maji makali katikati. Ukiiunganisha na taa, kipande kimoja kinaachilia umeme, kingine kinaupokea. Ukiirudishia umeme, mambo yanageuka nyuma. Kazi ngumu ni kutafuta metali mbili zenye zinakubali kwenda na kurudi mara elfu bila kuharibika. Edison na watu wake walijaribu maelfu ya michanganyo. Mwaka 1901 aliunda kampuni ya batri.

Walifika ku chuma upande mumoja na nikeli upande mwingine, katikati maji ya potasi. Kwa nikeli alisafiri mwaka 1901 mpaka Sudbury, mu Kanada, akachimbisha shimo. Muchanga wenye maji ulimuzuia, akaliacha. Alitafuta pia kobalti. Alijua kama kobalti inaweza kusaidia batri yake, lakini ilikuwa haba na ya bei kali. Mwaka 1906 alipanda gari, yeye mwenyewe, akazunguka Carolina ya Kaskazini na majimbo ya jirani, anaangalia mawe.

Mwaka ule ule wa 1906 Union Minière iliundwa kwa kuchimba shaba ya Katanga, ile wazee wetu waliita mukuba. Kobalti yenye Edison aliifuata mu milima ya Carolina ilikuwa imelala chini ya miguu ya bibi na babu zetu. Ilianza kutoka huku kwa wingi mu miaka ya 1920 tu.

Batri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1903 ikashindwa: makopo yalivuja, nguvu ilipunguka. Alisimamisha uuzaji, akaanza upya. Mwaka 1909 batri mupya ilikuwa tayari. Ndani yake mulikuwa chuma, nikeli, potasi, na litiyumu kidogo yenye alikuwa ameongeza mu maji na kuona inasaidia sana. Kobalti haikuwa mule. Kwa nini? Nikeli ilipatikana kwa bei ya kuvumilika, na fundi wake alijua kuitumia. Ile tu. Kobalti haikukosa kitu. Mwenye mapishi alibadilisha mapishi.

Batri ile ilikuwa na nguvu ya kuvumilia, ingine ilitumika miaka makumi. Lakini wakati ilikuwa tayari, magari ya petroli yalikuwa yamechukua barabara. Edison aliiuza kwa treni, kwa alama za reli, kwa magari ya kubeba mizigo, na kwa lokomotivu za ndani ya mine.

Na hapa kuna kitu chenye kila muchimbaji anapaswa kujua. Mwaka 1912, mu mine ya makala ya Jed, jimbo la West Virginia, gazi ilipasuka na wachimbaji zaidi ya 80 walikufa. Wakati ule taa ya kofia ilikuwa moto wazi. Maenjinia wawili wa usalama, Ryan na Deike, walienda kuona Edison. Alitengeneza batri ndogo ya kufunga ku mukaba, na waya wenye unapanda mugongoni mpaka ku taa ya kofia. Iliwaka masaa 12, na usiku ilirudishwa umeme. Moto wazi ulianza kutoka mu mine. Taa yenye baba anavaa leo akishuka chini ya ardhi ni mujukuu wa taa ile. Batri ilichunga uhai wa muchimbaji mbele ya kuchunga umeme wa muji wake.

Lakini batri yenyewe pia inataka heshima. Inapojazwa, batri ya namna ile inatoa hidrojeni. Tarehe 15 Januari 1916, ku Brooklyn, mu sumarini E-2 yenye ilikuwa na batri za Edison, gazi ile ilikusanyika ikapasuka, ikaua wafanyakazi. Na mapema, mwaka 1904, Clarence Dally, mupuliza kioo wa Edison, alikufa kwa sababu ya majaribio ya miale ya X: ilikula mikono yake, walikata, haikutosha. Edison aliogopa, akaacha miale ile. Hatari ya kazi inajulikana kwanza mu mwili wa mufanyakazi. Kwa hiyo, delege wa usalama akiomba hewa mu chumba cha kujazia batri, asionekane kama mutu wa fujo.

Edison alikufa tarehe 18 Oktoba 1931, na miaka 84, mu West Orange. Hakuona batri inarudi ku laini ya umeme.

Sisi tunaiona. Mwaka 2017, mu Australia ya Kusini, batri ya Hornsdale, megawati 100, ilianza kazi, na watu waliona kama inajibu mbio kuliko mashini yoyote laini ikitetemeka. Tangu pale mitambo ya namna ile imeongezeka kila mwaka. Hata huku, mwaka 2025, Kamoa-Kakula ilitangaza mapatano ya umeme wa jua pamoja na batri, ili mine ipate umeme muchana na usiku.

Na sasa sikilizeni vizuri. Batri nyingi mupya zenye zinawekwa ku laini za umeme zinatengenezwa na litiyumu, chuma na fosfati. Hazina kobalti, hazina nikeli. Zinachaguliwa kwa sababu bei ni ndogo, zinavumilia, na hazishiki moto haraka. Kongo inatoa karibu 70 kwa mia ya kobalti ya dunia, lakini hapa mapishi yamebadilishwa tena, sawa mwaka 1909. Kobalti bado iko mu magari mengi, mu simu, mu ndege, na hatusemi kama itakwisha kesho. Mwaka 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti juu bei ilikuwa imeanguka sana, kisha ikaweka kiasi kwa kila kampuni. Ile inaweza kuinua bei. Lakini bei ikipanda sana, mwenye mapishi anazidi kutafuta jiwe ingine. Pande zote mbili za kisu zinakata.

Shaba ni habari ingine. Iko ndani ya batri yenyewe, mu karatasi nyembamba ya upande mumoja. Iko mu waya, mu transfoma, mu mashini ya kubadilisha umeme. Tangu Pearl Street hakuna mapishi yenye yameiondoa kabisa mu kazi ya umeme. Na litiyumu iko kule Manono.

Sisi wa sendika tunatoa nini mu maisha haya? Tunatoa mambo matatu ya kupeleka ku meza ya mazungumzo. Kwanza, mushahara na posho visifungwe paka ku bei ya kobalti, kwa sababu bei ile inaamuliwa mu nyumba za utafiti kwenye hatuingii. Pili, fundi wa shaba, wa umeme na wa batri wafundishwe huku, mu muda wa kazi, kwa kulipwa. Mufanyakazi mwenye anajua kutunza batri hafukuzwi siku jiwe moja inaanguka. Tatu, mapatano ya mwaka 2022 kati ya Kongo na Zambia juu ya kutengeneza batri yasibaki mu makaratasi. Delege wote waulize wapi yamefika, wauulize kila mwaka.

Edison alikuwa na haki ya kubadilisha mapishi, juu yeye njo alikuwa anapika. Siku watoto wetu watakuwa kati ya wapishi, habari ya kobalti kuachwa itafika kwetu kama uamuzi wetu. Mpaka siku ile, tuisome mapema, tujipange pamoja.